Kujitathmini kwa Kuongozwa: Mwongozo Kamili kwa Vyuo vya Afya

Ripoti ilisema 3 juu ya 3: wanachuo wote wa mwaka wa mwisho wanamudu kumsaidia mtoto mchanga aliyezaliwa bila kupumua. Tulikuwa ofisini, chai iko mezani, na mkuu wa taaluma alishageuza ukurasa. Nikaomba tutoe ule mdoli wa mafunzo kabatini, tumwite mwanachuo wa kwanza atakayepita koridoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Huyu kazaliwa sasa hivi, halii. Mhudumie."

Akachukua ambu, ule mfuko wa kubana wa kumpulizia mtoto hewa, akaweka barakoa usoni. Ikafunika mpaka macho ya mdoli. Akabana mara nne, kifua hakikuinuka. Akabana tena, hewa inatokea pembeni kwa sauti ya puto lililotoboka. Dakika ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza. Yule kijana alikuwa na A ya somo hilo.

Chuo hicho sitakitaja, na wala si kibaya kuliko vingine. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu wakufunzi wa Tabora na Kigoma wananiuliza swali lilelile kila muhula: tumejitathmini, tumejaza fomu zote, ripoti imekwenda, mbona hakuna kilichobadilika? Nikiletewa ripoti yenyewe, sababu huonekana ukurasa wa kwanza. Imejazwa na mtu mmoja, usiku mmoja, wiki moja kabla ya wakaguzi kufika, na nusu yake imenakiliwa kutoka ripoti ya miaka iliyopita. Kuna niliyoikuta bado inamtaja mkuu wa chuo aliyekwishastaafu.

Kujitathmini kwa kuongozwa ni chuo kujipima chenyewe kwa maswali yaliyoandikwa mapema, huku mtu wa nje akikaa nanyi na kuwauliza kila mara: mmejuaje? Hukumu ni yenu. Yeye anawazuia tu msijidanganye.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua ya mkuu wa chuo inayotaja wahusika kwa majina na siku watakazopunguziwa vipindi. Kazi hii ikifanywa jioni baada ya vipindi, inakufa wiki ya tatu.
- Kikundi cha watu 6 hadi 8: wakufunzi wawili au watatu, mtu wa ofisi ya mitihani, wanachuo wawili (mmoja wa mwaka wa mwisho), muuguzi au daktari wa hospitali mnakopeleka wanachuo, na mhitimu wa karibuni aliyeko kazini.
- Mwelekezi, yaani huyo mtu wa nje. Nitamrudia kwenye hatua ya pili.
- Mtaala uliochapwa, si ule uliomo kwenye simu ya mtu.
- Vigezo mtakavyojipimia. Kwa vyuo vya kati ni vya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, pamoja na vya baraza la taaluma yenu. Vile vya Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba, WFME, vimeandikwa kwa ajili ya elimu ya madaktari, lakini vinasaidia kila chuo cha afya kujiuliza vizuri.
- Mitihani ya mihula miwili iliyopita pamoja na majibu ya wanachuo kwa kila swali. Jumla peke yake haitoshi.
- Logibuku za darasa zima, yaani madaftari ambamo mwanachuo huandika kazi alizofanya wodini na msimamizi husaini.
- Kaunta buku moja na boksi faili moja. Kila kitu kitaandikwa humo na kutunzwa humo.
- Nauli, chai na karatasi. Swali la posho litakuja siku ya kwanza, lijibuni siku hiyohiyo. Kama haipo, semeni haipo. Nimeona vikundi vikisambaratika kwa sababu watu walikaa wiki nne wakisubiri kitu ambacho hakuna aliyekiahidi.

Tengeni wiki 8 hadi 10, mbali na wiki za mitihani. Kama mnategemea kwenda vituo vya Kaliua au Uvinza kuonana na wahitimu, msiziweke safari hizo katikati ya masika.

## Hatua ya 1: Chagueni maswali mawili tu ya kuchimba

Toleo la mwaka 2020 la vigezo vya WFME limegawanywa maeneo 8: dhamira na tunu, mtaala, upimaji, wanachuo, walimu, rasilimali za kufundishia, uhakiki wa ubora, na uongozi na utawala. Chuo kinachofanya kazi hii kwa mara ya kwanza hukimbilia yote manane kwa uzito uleule, na kinaishia kuandika sentensi mbilimbili za kila eneo.

Kama mnaomba ithibati, bila shaka maeneo yote mtayajaza. Jazeni. Lakini chagueni mawili ya kuchimba hadi chini, na yachaguliwe kwa kinachowauma. Sapu, yaani mitihani ya marudio, zimejaa kwenye somo gani? Hospitali inalalamika nini kuhusu wanachuo wenu? Mhitimu akirudi kuchukua cheti, anasema nini akiwa mlangoni?

Kwa nini: kuchimba kunahitaji muda, na muda wenu ni wiki 10.

Tahadhari: "ubora wa ufundishaji" si swali. "Je, wanachuo wetu wa mwaka wa mwisho wanaweza kumhudumia mtoto mchanga asiyepumua ndani ya dakika moja?" ni swali.

Mmefaulu kama mtu asiye wa chuo chenu anaweza kulisoma swali na kukuambia ataangalia wapi ili alijibu.

## Hatua ya 2: Mpateni mwelekezi, mpatane mipaka yake

Mwelekezi mzuri ni mkufunzi wa chuo kingine mwenye miaka kadhaa ya kufundisha wodini. Njia rahisi kwetu huku ni kubadilishana: chuo cha Tabora kinampeleka mtu Kigoma, cha Kigoma kinamleta wake Tabora, kwa treni, na wenyeji wanampa mahali pa kulala. Umbali huo una faida yake. Hana binamu chuoni kwenu, na hana hamu ya cheo chenu.

Mpatane kwa maandishi mambo manne: hatoi alama, haandiki ripoti, hapeleki habari zenu kokote bila ruhusa, na ana haki ya kuona karatasi yoyote inayotajwa kuwa ushahidi.

Tahadhari: usimchukue mtu ambaye kesho atakuja kama mkaguzi. Watu watamwonyesha sebule tu. Rafiki wa karibu wa mkuu wa chuo naye hafai, hata kama ni mtaalamu. Atauliza swali gumu mara moja, halafu ataona aibu.

## Hatua ya 3: Vunjeni kila kigezo mpaka kionekane kwa macho

Hapa ndipo ripoti nyingi hufia. Kigezo kinasema, kwa mfano, chuo kihakikishe wanachuo wanapata nafasi za kutosha za kujifunza kwa vitendo. Kikundi kinasoma, kinatikisa kichwa, kinaandika "ndiyo". Vigezo vya WFME vya mwaka 2020 vimeachwa wazi kwa makusudi: havikuambii uwe na vitanda vingapi wala midoli mingapi. Vinakutaka ueleze unachofanya na kwa nini kinatosha. Basi kazi ya kukivunja kigezo ni yenu.

Kwa swali letu la mtoto mchanga, kwenye chuo kile cha mdoli, tulivunja hivi:

1. Mtaala unataka nini hasa: kujua, kueleza, kuonyesha, au kufanya? (George Miller aliitengeneza piramidi yake ya ngazi hizo nne mwaka 1990, na bado sijaona chombo rahisi zaidi cha kugundua kwamba unafundisha ngazi ya nne na kutahini ya kwanza.)
2. Kila mwanachuo amemshika mdoli mara ngapi kabla ya kwenda leba? Imeandikwa wapi?
3. Nani alimwangalia, na alitumia orodha ipi ya kuhakiki?
4. Ambu na barakoa za saizi ya mtoto mchanga ziko wapi, na nani ana funguo?
5. Mtihani wa vitendo una kituo cha stadi hii? Kama kipo, ni wangapi walianguka?
6. Sista wa leba anasemaje?

Swali la nne lilionekana la kitoto tulipoliandika. Subirini.

Alama zenu ziwe nne, kuanzia 0 hadi 3. 0: hakuna. 1: ipo kwenye karatasi tu. 2: inafanyika, lakini si kwa wote au si kila mara. 3: inafanyika kwa wote, na kuna ushahidi wa matokeo. Msiweke ngazi tano. Ngazi tano zina katikati, na katikati ndiko watu wanakojificha.

Andikeni maswali kwa Kiswahili hata kama mtaala na mitihani ni kwa Kiingereza. Sista aliyefanya kazi leba miaka 20 atakupa kurasa tatu za maarifa kwa Kiswahili. Mletee fomu ya Kiingereza yenye maneno ya semina, atajaza "nzuri" kila mahali ili uondoke.

Mmefaulu kama kila swali linajibiwa kwa namba, kwa karatasi, au kwa kitu kinachoonekana.

## Hatua ya 4: Kila mtu ajaze peke yake kwanza

Gawa fomu. Kila mmoja aende nazo, ajaze alama zake na sababu kwa sentensi moja, arudishe ndani ya bahasha baada ya siku tatu. Ni marufuku kujadiliana.

Kwa nini: sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa. Mkuu wa chuo akitangulia kusema "hapa nadhani tuko vizuri", mwanachuo gani atanyoosha mkono kusema sivyo? Hata mkufunzi mwenzake atanyamaza. Karatasi haina shikamoo.

Bahasha zikirudi, andika alama zote kwenye bango kitita, kundi kwa kundi. Kwa swali letu zilisomeka hivi: wakufunzi 3, 3, 2. Wanachuo 1 na 1. Sista wa leba 0. Mhitimu 1.

Tahadhari: usitafute wastani. Ukizijumlisha hizo na kuzigawanya unapata kama 1.6, namba isiyomwambia mtu chochote. Habari iko kwenye pengo kati ya 3 ya mkufunzi na 0 ya sista. Wekeni alama ya nyota kwenye kila swali lenye pengo la 2 au zaidi, kisha anzeni nayo kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Kusanyeni ushahidi

Hii inakula nusu ya muda wote, na inastahili. Kila ushahidi upewe namba (U-01, U-02 na kuendelea), uandikwe kwenye kaunta buku, nakala iingie boksi faili.

### Mitihani

Msiangalie ufaulu wa jumla tu, angalieni swali moja moja. Zoezi hili linafanyika kwa kalamu na kikokotoo cha simu.

Panga karatasi za darasa kutoka alama ya juu hadi ya chini. Chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Darasa likiwa na wanachuo 40, ni watu 11 kila upande. Sasa, kwa kila swali la kuchagua, hesabu waliopata katika kila kundi.

Tuseme swali la 14: juu wamepata 10, chini wamepata 3. Ugumu wake (sehemu ya waliolipata; ikikaribia 1, swali ni rahisi) ni 13 gawanya kwa 22, yaani 0.59. Nguvu yake ya kutenganisha ni 10 toa 3, gawanya kwa 11, yaani 0.64. Swali zuri sana: wanaojua wamelipata, wasiojua limewashinda.

Swali la 22: juu 4, chini 8. Nguvu ya kutenganisha ni hasi, −0.36. Hapo kuna jambo. Mara nyingi jibu sahihi limewekwa vibaya kwenye mwongozo wa kusahihishia, au swali lina majibu mawili yanayokubalika, na aliyesoma sana ndiye aliyechanganyikiwa. Chini ya 0.2 ni swali dhaifu, lipitieni. Likiwa hasi, lirudieni siku hiyohiyo, maana kuna mwanachuo amepigwa sapu kwa kosa la mtunga mtihani.

Kwa darasa la watu chini ya 30 chukulieni namba hizi kama harufu ya moshi, moto mkautafute wenyewe.

Kwa vitendo, angalieni mtihani wa vituo, oski (OSCE kwa Kiingereza). Tangu Ronald Harden na wenzake wauchapishe mwaka 1975 kule Dundee, nguvu yake ni ileile: kila mwanachuo anapita kituo kilekile, kwa muda uleule, mbele ya orodha ileile. Ulizeni kama vituo vyenu ni vya vitendo kweli. Nimeona oski ambayo vituo sita kati ya vinane mwanachuo alikaa kwenye kiti na kuandika. Huo ni mtihani wa kuandika uliowekewa kengele.

### Logibuku

Chukueni logibuku 10 bila kuchagua. Msisome kilichojazwa, angalieni wino. Niliwahi kukaa na moja ambayo mama 12 walizalishwa na mwanachuo mmoja kati ya tarehe 3 na tarehe 28, saini zote za biki ileile ya bluu, mwandiko umelala upande uleule, na mahali biki ilipoanza kukauka kwenye mama wa saba iliendelea kukauka vilevile kwenye wa nane na wa tisa. Zilisainiwa kwa mkupuo mmoja, dakika chache kabla ya tarehe ya mwisho.

Usimkamate mwanachuo. Uliza kwa nini msimamizi hakupatikana siku ileile. Kwa kawaida utaambiwa wanachuo ni wengi, sista wa zamu ni mmoja, na yeye ana wagonjwa.

### Wodini

Ombeni ruhusa kwa maandishi kwa mganga mfawidhi, na msilete kikundi kizima. Watu wawili wanatosha. Mgonjwa aelezwe na akubali. Kama ni dharura ya kweli, weka fomu mfukoni usaidie.

Stadi ya mtoto mchanga isipimwe kwa mtoto mchanga. Mwekeni mdoli kwenye kona ya leba, mwiteni mwanachuo aliye zamu bila kumtaarifu, na washeni saa. Mnachotafuta: anamkausha mtoto na kumchangamsha, anasafisha njia ya hewa panapohitajika, anaweka kichwa sawa, barakoa inafunika kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho, na hewa inaanza kuingia kabla dakika moja haijaisha. Hiyo ndiyo wakunga wanaiita dakika ya dhahabu. Kisha pumzi kama 40 kwa dakika, na kifua kiinuke. Kifua kisipoinuka, je, anarekebisha barakoa au anaendelea tu kubana?

Rudieni kwa wanachuo 10 na mwandike sekunde. Hakuna dodoso litakalowapa kitu kama hicho.

### Wanachuo

Dodoso liwe fupi, maswali 10 yasizidi, bila jina, na likusanywe na mwanachuo mwenzao. Kisha fanyeni majadiliano ya watu 7 au 8, yaongozwe na mwelekezi, mkufunzi yeyote asiwepo. Hapa Tabora mwembe haukosekani, kaeni chini yake. Ukumbi wa mikutano una kiti cha mkuu wa chuo hata akiwa hayupo.

Msiulize "mnaridhika?" Ulizeni: "Mara ya mwisho kujifunza kitu wodini, nani alikufundisha?" Mara nyingi jibu ni muuguzi ambaye jina lake halimo kwenye orodha yenu yoyote ya walimu.

### Wahitimu na waajiri

Pigieni simu wahitimu 10 na waganga wafawidhi wa vituo wanakofanya kazi. Swali moja linatosha: "Wiki ya kwanza kazini, ulikwama wapi?" Aliye zahanati peke yake usiku atakumbuka vizuri sana.

Mmefaulu kwenye hatua hii kama kila swali lina ushahidi wa aina mbili tofauti, na angalau mmoja wake umetoka nje ya ofisi.

## Hatua ya 6: Kaeni mpatanishe alama

Tengeni siku mbili kamili. Simu zizimwe. Mwelekezi aongoze, mkuu wa chuo azungumze wa mwisho. Mwambieni mapema, kwa heshima. Wengi hukubali wakielezwa sababu.

Kanuni ni moja: anayetaka kupandisha alama aweke namba ya U mezani. Hakuna karatasi, alama inashuka.

Baada ya alama, ulizeni kwa nini, na muendelee kuuliza mpaka mfike kwenye kitu mnachoweza kukishika. Chuo kile cha mdoli kilikwenda hivi. Kwa nini wanachuo hawajui kuweka barakoa? Hawajafanya mazoezi. Kwa nini, na mdoli upo? Maabara ya vitendo imefungwa. Kwa nini? Funguo anazo mtunza stoo. Anaondoka saa ngapi? Saa tisa na nusu. Wanachuo wanarudi kutoka hospitali saa ngapi?

Saa kumi.

Miaka miwili mdoli ulikaa kabatini kwa tofauti ya nusu saa. Kikundi kilikuwa kimeshaandaa maombi ya fedha ya kununua midoli mingine mitano.

Tahadhari: mjadala ukianza kumtafuta mtu wa kumlaumu, mwelekezi ausimamishe. Mtunza stoo hakukosea, alifuata saa zake za kazi. Hakuna aliyemwambia.

Tahadhari ya pili: "uhaba wa fedha" na "uhaba wa wakufunzi" ni kweli, lakini visiwe jibu la kwanza. Ukiviruhusu vitangulie, kikao kimeisha.

## Hatua ya 7: Andikeni ripoti fupi

Kila swali lipate mistari minne: tulichokiona, namba za ushahidi, alama, na kwa nini iko hivyo. Kurasa 15 zinatosha kwa sehemu mliyoichimba. Andikeni kilichotokea, msiandike mnachopanga. Neno "tutahakikisha" likionekana katika sehemu hii, lifuteni.

Majina ya wagonjwa, namba za faili na sura zao visionekane popote. Majina ya wanachuo pia yatoke.

Soma rasimu mbele ya wanachuo na wauguzi walioshiriki kabla ya kuituma. Watasahihisha mawili matatu, na watajua hawakupoteza muda wao.

## Hatua ya 8: Mpango wa mambo matatu

Mtakuwa na orodha ya mambo 20. Chagueni matatu. Kila moja liwe na jina la mtu mmoja (si "idara"), tarehe, gharama, na namba itakayoonyesha limefanikiwa. Angalau moja lisiwe na gharama kabisa, ili lianze Jumatatu.

Chuo kile kilichagua haya. La kwanza, funguo ya pili ya maabara ikae kwa mkufunzi wa zamu hadi saa moja usiku, na wanachuo wajiandikishe kwenye daftari. Gharama ni kuchonga funguo. La pili, hakuna mwanachuo anayeingia zamu ya leba bila kupita orodha ya kuhakiki kwenye mdoli mara tatu, siku tatu tofauti. La tatu, wauguzi wanne wa leba watambuliwe rasmi kama walimu wa wodini, wapewe barua na siku moja ya maelekezo, na wao ndio wasaini logibuku, siku ileile ya tukio.

Hilo la barua lilichekwa kikaoni. Mtu akauliza barua itabadilisha nini bila malipo. Sista aliyekuwa kwenye kikundi akajibu kwamba amewafundisha wanachuo wa chuo hicho tangu hata mkufunzi huyo hajaajiriwa, na hajawahi kuandikiwa hata mstari mmoja wa asante. Ukumbi ukatulia.

## Hatua ya 9: Rudini kupima

Muhula ukiisha, rudieni yaleyale: swali lilelile, orodha ileile, saa ileile ukutani, wanachuo wengine. Msibadilishe kipimo katikati hata kama mmeona kina kasoro. Andikeni kasoro pembeni, mtaibadilisha mzunguko ujao. Ukibadilisha rula hujui tena kama mtoto amekua.

Kama namba haijasogea, angalieni kwanza kama mpango ulitekelezwa. Daftari la maabara lina majina? Funguo ya pili iko wapi? Mara nyingi dawa ni sahihi ila mgonjwa hakuinywa.

Kule kwenye chuo cha mdoli tulirudi baada ya muhula, tukaita wanachuo 10 waliokuwa zamu leba. Saba walifikisha hewa kabla ya dakika moja. Wawili walichelewa kwa sekunde chache. Mmoja barakoa ilimshinda. Yeye alikuwa amepangiwa zamu za usiku muhula mzima, maabara ikifunguliwa amelala. Kikundi kikajipa 2, kikaandika U-31, na mkufunzi wa zamu akaulizwa kama anaweza kufungua saa moja asubuhi.